Shajara ya mradi: violeti za Usambara, kutoka kitaluni mpaka mwambani

14 Januari 2023: Kuanza

Naandika hii ili mwenye bustani ya mimea au hifadhi huko aliko afuate tulichofanya bila kurudia hasara zetu. Kazi yangu ni uhifadhi upande wa mimea, niko Amani, Usambara Mashariki, nahudumia bustani na msitu wa jirani. Watu wakisikia mtaalamu wa uhifadhi wanawaza tembo na simba na gari la turubai, sisi wa mimea siku nyingi ni kisu, bahasha za karatasi, jipiesi, daftari lililolowa na barua za kuomba vibali.

Mmea wa mradi huu ni Saintpaulia, violeti ya Usambara, kale kaua ka zambarau kenye njano katikati na majani yenye manyoya laini. Ulaya na Marekani kanauzwa kwenye vyungu vya dirishani miaka nenda miaka rudi, na wengi wanaokamwagilia asubuhi hawajui Tanga iko wapi. Kalitoka hapa. Wakati wa Mjerumani, Walter von Saint Paul-Illaire aliyekuwa mkuu wa wilaya huku alituma mbegu kwa baba yake Ujerumani, na mwaka 1893 Hermann Wendland akakapa jina la kisayansi. Mwaka 2015 wataalamu wakaliingiza kundi zima kwenye jenasi ya Streptocarpus, kwa hiyo vibao vya bustani itabidi vibadilishwe, ila humu nitaendelea kuandika Saintpaulia maana ndo watu wanaijua.

Sasa kilichonifanya nianze. Yule Mjerumani aliandika kwamba aliliona sehemu mbili, moja mwendo wa kama saa moja kutoka Tanga, kwenye nyufa za mawe ya chokaa, juu kidogo tu ya usawa wa bahari, nyingine juu kwenye msitu mnene wa Usambara, futi kama 2,500, kwenye mwamba. Sehemu zote mbili anataja kivuli. Zaidi ya miaka 120 imepita na ukiwa unalitafuta leo bado unatafuta hivyohivyo, mwamba, unyevu, kivuli. Shida ni kwamba kundi zima la aina moja linaweza kuwa limekaa kwenye genge moja la mwamba lenye ukubwa wa nyumba, mti mkubwa uliolifunika ukianguka au ukikatwa kundi zima liko hatarini ndani ya kiangazi kimoja. Hilo linaniuma, sifichi.

Mpango ni kukusanya majani kutoka makundi mawili, moja la huku juu na moja la bondeni kwenye chokaa upande wa Tanga, tuyaoteshe kitaluni, tuzalishe mbegu, halafu tujaribu kurudisha miche pale ilipopungua. Vibali vimetoka, vilichukua muda kuliko kazi yote iliyofuata, anza navyo mapema. Jina la genge lenyewe siliandiki humu na wewe ukifanya kazi kama hii usiandike, kuna watu wanang'oa mimea adimu kwenda kuuza.

Jani moja kwa kila mche, hakuna kung'oa. Kila jani lina namba yake kwenye bahasha, karatasi yenye unyevu ndani, linafika kitaluni siku hiyohiyo.

6 Machi 2023: Kitalu, na makumbi yenye chumvi

Kitalu kimesimama. Nguzo za mkaratusi, neti ya kivuli, meza za mbao zilizoinuliwa mpaka kiunoni, pipa la lita 200. Neti imekula shilingi 190,000, nguzo na mbao 240,000, misumari, waya na bawaba 38,000, fundi na msaidizi wake 120,000. Viriba vidogo na trei za plastiki tulikuwa nazo stoo.

Tulianza na neti moja tu, majani yakapauka na kukunjika kingo, tukaongeza tabaka la pili yakatulia. Kwa mmea huu neti inayotosha nyanya haitoshi.

Tatizo kubwa lilikuwa udongo. Violeti haitaki udongo mzito, mizizi yake ni myembamba inataka hewa, kwa hiyo tukaamua kutumia vumbi la makumbi ya nazi maana Tanga nazi ndo kwao, yanakuja kwa magunia na bei yake ni nafuu, gunia 4,000 mpaka Muheza halafu nauli ya kupandisha huku. Tukachanganya makumbi, mboji ya majani na mchanga wa mto, tukapachika majani. Mwanzoni mazuri. Baadaye kingo zikaanza kuwa kahawia, jani linakauka kuanzia nje kwenda ndani wakati udongo umelowa vizuri tu, tukadhani ukungu, tukapiga dawa, 27,000 imeenda bure.

Aliyetufungua macho ni mama mmoja anayeuza kamba, alikuja kumtembelea mwanae hapa, akashika yale makumbi akayanusa, akasema "Haya yamefukiwa pwani haya, mbona yananuka bahari." Kweli bwana. Makumbi ya kutengenezea kamba yanafukiwa kwenye tope la ufukweni miezi na miezi ili usumba uachie, yanakunywa chumvi yote ile, na tulichouziwa ni vumbi lililobaki baada ya kusokota. Nikaazima kipimo cha chumvi, maji yaliyochujwa kwenye hayo makumbi yalisoma juu sana, maji ya kijito chetu karibu na sifuri.

Dawa yake: loweka kwenye pipa usiku kucha, mwaga, loweka tena, rudia mpaka kipimo kishuke. Huna kipimo, onja maji yanayochuruzika, ukisikia chumvi endelea kuloweka. Au nunua makumbi makavu ya mashambani, ya nazi iliyofuliwa kwenye kifuo, ambayo hayajaiona bahari. Siku hizi tunanunua hayo tu, gunia 5,000, na tunaloweka mara moja kwa uhakika. Tumepoteza kama theluthi ya majani ya kwanza, na mengine yalikuwa ya miche ya genge la bondeni ambayo si rahisi kuifikia mara ya pili.

29 Aprili 2023: Masika

Amani inapata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka na sehemu yake nzuri imemwagika mwezi huu. Barabara ya kutoka Muheza imekatika mara kadhaa, vifaa vinapanda kwa bodaboda, mfuko wa kokoto unafika bei ya mfuko wa saruji.

Majani yaliyosalimika yametoa vichipukizi pale chini ya kikonyo. Kinachotusumbua sasa ni kuoza, mche unakuwa mzima jioni, asubuhi moyo wake umelainika. Sababu ni maji kukaa katikati ya majani. Tumeacha kabisa kumwagilia kwa juu, trei inawekwa maji kidogo, kiriba kinanyonya kwa chini, baada ya nusu saa maji yaliyobaki yanamwagwa. Tumefunika upande wa mvua kwa nailoni ngumu, 45,000. Na tumeongeza kokoto ndogo kwenye mchanganyiko, robo nzima, kwa kweli hiyo kokoto ndo imefanya kazi kubwa kuliko dawa zote.

Konokono nao. Wale wasio na gamba ndo wabaya, wanakula usiku kiini tu na kuacha majani ya pembeni. Miguu ya meza tumeisimamisha kwenye makopo yenye maji ya chumvi, hawapandi.

20 Agosti 2023: Chokaa, maji baridi, na mbegu

Miche ya genge la bondeni ilikuwa imedumaa, majani ya njano, wakati wenzao wa huku juu wamenenepa kwenye mchanganyiko uleule. Jibu lilikuwepo tangu kwenye yale aliyoandika Mjerumani. Hawa wa bondeni wamezoea mwamba wa chokaa, mboji yetu inatoka kwenye udongo wa Amani ambao una tindikali kali, pH chini ya 5 sehemu nyingi. Tumewatengenezea meza yao, mchanganyiko wenye vipande vya jiwe la chokaa lililopondwa, tuliokota bure, na nusu yao tumewapeleka Tanga mjini kwa mwenzetu mwenye kibanda chenye kivuli maana hata joto la huku kipupwe hiki si lao. Wamerudi kijani. Kwa hiyo ukisoma kwenye intaneti "udongo wa African violet", yaani violeti hii kwa Kiingereza, jua kwamba huo ni wa zile za madukani zilizochanganywa vizazi na vizazi, mimea ya porini kila kundi lina mwamba wake.

Huku juu kipupwe kimetuletea madoa meupe ya duara kwenye majani. Si ugonjwa. Ni maji ya kijito ya asubuhi, baridi, yakigusa jani lenye joto zaidi yanaua chembe hai za jani. Tunajaza pipa jioni likae ndani ya kitalu mpaka kesho yake. Basi.

Sasa mbegu, na hapa nitakaa kidogo. Mche wa jani ni nakala ya mama yake, ukijaza mwamba mzima kwa majani ya miche mitatu umejaza mwamba kwa mimea mitatu, ugonjwa ukija unaondoka na yote. Ndo maana tulichukua majani kwa miche mingi, na ndo maana tunataka mbegu. Ila ua hili halitoi chavua kirahisi. Vifuko vyake vya njano vinabaki vimefumba, porini wapo nyuki wanaolikumbatia na kutetemesha misuli ya mbawa mpaka chavua inaruka. Kitaluni hao nyuki hawaingii, na ingekuwa vibaya wakiingia, maana makundi haya mawili yanachanganyika haraka mno na tungepata machotara yasiyo na kwao. Kila meza ina chandarua chake cha mbu, 15,000 kimoja.

Tulijaribu brashi ya rangi, haikutoka kitu. Tukajaribu kupiga kikonyo kwa kidole, vilevile. Kilichofanya kazi ni sindano: pasua kifuko kwa ncha, gusa unga kwenye ukucha, peleka kwenye ua la mche mwingine wa genge hilohilo. Jambo dogo la kuangalia: ule uzi wa kike unapinda pembeni, maua mengine kulia mengine kushoto, kwa hiyo angalia umeelekea wapi kabla hujagusa. Binti anayetusaidia kitaluni ndo ana mkono mwepesi kuliko sisi wote, yake yanashika karibu yote. Tunda linachukua miezi kukomaa, usilichume likiwa kijani. Mbegu ni vumbi tupu, unazimwaga juu ya makumbi yaliyochekechwa bila kufukia maana zinataka mwanga, unafunika kwa kioo.

11 Novemba 2023: Vuli na El Nino, miche ya kwanza mwambani

Tumepeleka miche 60 kwenye genge la juu, sehemu ambayo mwaka juzi ilikuwa na violeti na sasa haina.

Tulipanga vuli makusudi ili mvua itusaidie, vuli ya mwaka huu ikaja na El Nino. Mvua haikunyesha, ilimwagwa. Njia ya kwanza, ya kupachika mche na bonge lake la makumbi kwenye ufa, ilisombwa karibu yote ndani ya wiki, bonge linalowa, linakuwa zito, linateleza. Njia ya pili ni ya kijana mmoja wa hapa kijijini ambaye amekulia kwenye haya mawe. Yeye akasema ondoeni udongo wote. Mizizi mitupu, unaifunga kwa ukoga mbichi uliotoka kwenye mwamba huohuo, unasukuma kwenye ufa ulioelekea chini kidogo ili maji yapite juu yake, unabana na kijiwe bapa. Hiyo miche imeshika. Mwezi baadaye ukivuta kidogo unasikia mizizi imejikita.

Gharama ya awamu hii ni vibarua na chakula 140,000, kamba ya kupandia ile nzuri 210,000. Kwenye kamba usibane pesa.

3 Machi 2024: Jua

Hii ni sehemu ngumu ya shajara.

Januari yote miche ilikuwa imesimama, mingine imetoa maua, nilipoyaona pale juu ya jiwe nilifurahi mpaka nikakaa chini. Halafu mti mmoja mkubwa juu ya genge, mesopsisi, ukaanguka. Mesopsisi, yaani Maesopsis eminii, si mti wa huku, uliletwa enzi za wakoloni ukapandwa, ukasambaa vibaya baada ya magogo kuvunwa kwa wingi, hondohondo wanakula matunda yake na kudondosha mbegu kila kona. Unakua haraka, na kivuli chake chepesi. Ulipoanguka jua la Februari likaingia moja kwa moja mwambani kuanzia saa nne mpaka saa tisa. Tulipofika ukoga ulikuwa umekauka unabanduka kwa vidole, na violeti zilizokuwa upande huo zimeisha, zetu na zile za asili pia. Za asili ndo zinazoniuma zaidi.

Tumefunga neti ya kivuli juu ya genge kwa kamba kama hatua ya dharura, 95,000. Imeokoa upande wa chini. Lakini huwezi kufunika msitu kwa neti.

Hapo mradi umebadilika. Kuotesha violeti tumeshajua, kitalu kimejaa, hata mwanafunzi wa sekondari anaweza kuotesha akielekezwa. Kinachokosekana ni miti ya juu yake. Kuanzia sasa nusu ya pesa na zaidi ya nusu ya nguvu inaenda kwenye kivuli.

Kuna waliosema tuue mesopsisi zote zilizobaki kuzunguka genge, tuzichune magome zife zimesimama kwa kuwa ni mgeni mvamizi. Nimekataa kwa sasa. Ni mvamizi kweli, lakini leo hii ndo mwavuli pekee uliopo pale, ukiutoa kabla mwingine haujakua umemaliza kazi ambayo jua limeianza. Tunang'oa miche yake midogo tu, kubwa zitasubiri.

Upande wa bonde la pili ni shamba la iliki. Iliki inalimwa chini ya miti, wanafyeka vichaka na miche yote ya chini, miti mikubwa inabaki, kwa macho unaona msitu ila hakuna mti mdogo wa kurithi. Nilikwenda kwa bibi mwenye shamba pamoja na mwenyekiti wa kamati ya maliasili ya kijiji. Nikamwamkia, tukakaa, nikaeleza. Akaniambia, "Mwanangu, iliki ndo ada ya wajukuu zangu. Hilo ua litawalipia?" Sikuwa na jibu la haraka na sikutaka kumdanganya. Nilimwambia kile ninachokijua, kwamba kijito kinachopita chini ya genge kinaingia mto Sigi, na Sigi ndo inajaza bwawa la Mabayani linalonywesha Tanga mjini, akacheka akasema binti yake anaishi Chumbageni na bili ya maji anaijua. Tukakubaliana: ukanda wa kama mita 30 juu ya genge haufyekwi tena, sisi tunamletea miche ya msambu, mti wa asili wa huku, na vikonyo (vipande vya shina vya kupandia) vya pilipili manga. Pilipili manga inapanda juu ya mti ulio hai, kwa hiyo anayeilima hakati mti, na mbegu za msambu zina mafuta, zina wanunuzi.

18 Julai 2024: Msambu hauoti

Msambu, Allanblackia stuhlmannii, ni mti wa kwetu kabisa, kivuli kizito cha mwaka mzima. Ila mbegu zake! Tulipanda Machi, mpaka Juni hakuna hata moja, na panya buku walifukua nusu wakaenda nazo. Wazee walishatuambia kwamba msambu unaota ukitaka wenyewe.

Kilichosaidia: kumenya ganda gumu la nje kwa uangalifu bila kujeruhi ndani, kuziweka kwenye mfuko wa nailoni wenye makumbi yenye unyevu kidogo, mfuko umefungwa, mahali pa kivuli, unakagua kila wiki na kutoa zilizoanza kuoza. Sasa zinachungulia moja moja. Sanduku la waya mdogo la kuzuia panya limetengenezwa hapahapa, 32,000.

Kwa kuwa msambu unakwenda polepole tumechanganya na mshai, ambao unakua mbio na ni wa asili, uwe kivuli cha miaka ya kwanza, na mnyasa kwa ajili ya baadaye sana. Mshai tuliopanda ukingoni Machi mwishoni tayari umenipita kiunoni. Mti mwingine unaoota wenyewe kwenye ukanda usiofyekwa tumeuwekea kijiti chekundu ili kibarua asiukate, na nakuambia hivyo vijiti, ambavyo havijatugharimu kitu zaidi ya kopo la rangi la 12,000, vimetupa miche mingi kuliko kitalu.

9 Novemba 2024: Hali ilivyo

Genge la juu: miche yetu 17 iko hai kati ya 60 ya kwanza, yote upande wa chini uliobaki na kivuli. Chini ya neti kumeanza kuonekana vichipukizi vidogo vidogo ambavyo hatukuvipanda sisi, viko kwenye ukoga uliorudi. Nimepiga picha, nimevipima, sijavigusa.

Genge la bondeni hatujarudisha kitu na hatutarudisha mwaka huu. Kundi la asili la pale bado lina miti yake, kazi ni kukaa na watu wa jirani ili ibaki. Miche yake inatunzwa Tanga mjini na mbegu zimekaushwa, nusu kwetu nusu mahali pengine, ili moto au mafuriko yakipiga upande mmoja yasimalize zote.

Bibi wa iliki amepanda msambu wote tuliompa na ameomba mwingine kwa ajili ya shamba la kaka yake lililopakana na kijito. Pilipili manga imeshika kwenye miti sita, mmoja umekauka kwa sababu vikonyo vilikaa juani njiani, kwa hiyo mara ijayo vinasafirishwa usiku.

Gharama zote tangu mwanzo ukiacha mishahara na mafuta ya gari zimefika milioni mbili na laki tatu na kidogo. Anayeanza leo kwa kufuata hii shajara nadhani atatumia chini ya milioni moja na nusu, na ningemshauri pesa ya kwanza aiweke kwenye miche ya miti na mazungumzo na wenye mashamba, kitalu cha violeti kifuate.

Wiki ijayo tunaongeza mshai 80 na msambu 25 juu ya genge kabla vuli haijakatika, neti nayo inahamishwa mita nne kuelekea mashariki ambako jua la Februari lilipiga zaidi. Nitaongeza ukurasa baada ya kiangazi.